Jumamosi ya Kupalilia Makaburi

Mara ya kwanza kusikia tarumbeta saa kumi alfajiri nilijua kuna msiba. Nilikuwa bi harusi wa miezi michache, nimetoka Ilula kwenye jua na nyanya, nimeletwa Isongole chini ya Mlima Rungwe kwenye baridi na viazi. Nikamtikisa mume wangu. "Vaa sweta," akaniambia. "Ni Pasaka. Tunakwenda makaburini."

Hiyo ilikuwa Aprili 2009. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa, na nyumbani Iringa Pasaka ilikuwa kengele, kwaya na nguo mpya. Habari za kaburi tupu tulizisikia tukiwa tumekaa kwenye mabenchi. Wenzetu Wamoravian, kanisa la ukoo wa mume wangu, hawakai. Wanatoka nyumbani giza bado limeshika, wanatembea na tochi mpaka walikolala wafu wao, na pale katikati ya makaburi ndipo mchungaji anapotangaza kwamba Bwana amefufuka. Niliogopa sana alfajiri ile. Nilimshika mume wangu mkono kama mtoto anayevushwa mto.

Baadaye alinieleza. Desturi hiyo ilianza Herrnhut, Ujerumani, mwaka 1732, vijana wa kiume walipopanda kilima chenye makaburi ya kijiji chao alfajiri ya Pasaka, wakaimba mpaka kukapambazuka. Wamisionari wa Kimoravian waliofika Rungwe mwaka 1891 walikuja na desturi hiyo. Katika liturujia ya alfajiri kuna mahali ambapo kanisa linaomba lidumu pamoja na wale walioitwa na Bwana tangu Pasaka iliyopita. Kwenye ushirika wetu majina yao husomwa (sisi Walutheri tunasema usharika, wao wanasema ushirika, ilinichukua miaka kuzoea herufi hiyo moja). Jina linasomwa, ndugu wa marehemu wanasimama au wanasogea mbele, linasomwa linalofuata. Kila mtu anasomwa mara moja tu. Mwaka unaofuata ni zamu ya wengine.

Na siku moja kabla ya hapo, Jumamosi, watu wanapalilia. Kijiji kizima kinabeba majembe kwenda makaburini. Kwa Wanyakyusa wengi mtu huzikwa nyumbani kwenye migomba, lakini baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, akaagiza azikwe kwenye makaburi ya ushirika, na tangu hapo ukoo umemfuata.

Huyu baba mkwe lazima nimweleze, maana bila yeye sitaeleweka. Kwa desturi ya kule, mke wa mtoto hakutani uso kwa uso na baba mkwe wake. Wengine siku hizi wameiacha, lakini yeye alikuwa mtu wa zamani. Akitaka kupita uani alikuwa anakohoa. Nikisikia kile kikohozi nachepuka nyuma ya jiko, nashusha kitenge usoni, nangoja fimbo yake ipite, tak, tak, mpaka kwenye zizi. Miaka sita tuliishi boma moja. Nilijua sauti yake akiomba kabla ya kula, nilijua anavyomwita mwanaye, nilijua akiwa na homa kwa jinsi anavyokohoa. Uso wake niliuona vizuri mwaka 2014, kwenye picha iliyowekwa juu ya jeneza. Wapo wanaosema desturi hiyo inamdhalilisha mwanamke, na siwezi kuwabishia kwa yote. Mimi niliyeishi ndani yake nilihisi kuheshimiwa. Mzee yule hakuwahi kupita bila kukohoa, hata mara moja.

Mume wangu alikuwa dereva wa Fuso ya mtu. Alibeba viazi vyetu na vya majirani, zile lumbesa zilizovimba mpaka zinafungwa kofia ya kamba juu, akashusha Dar es Salaam, akarudi na mzigo wa watu. Mwanzoni mwa Machi 2022, Kwaresma ikiwa imeanza tu, alipita Ilula akasimama kwa mama yangu. Alinipigia simu akiwa pale. Mama alikuwa amempa ndoo ya nyanya, akasema ataileta akirudi, tupike na watoto. Kutoka Ilula unakwenda kidogo, kisha unaanza kuteremka Kitonga. Sitaandika zaidi kuhusu mteremko ule.

Waliomleta walifika alfajiri baada ya kusafiri usiku kucha. Mwenye gari alinunua jeneza na kutoa rambirambi, akaenda zake. Nilibaki na watoto watatu, shamba la ekari moja na nusu la ukoo, na ukimya ambao sikuujua hapo awali. Msiba wa Kinyakyusa unajaza watu, watu wanalala uani siku kadhaa, moto hauzimiki, hupati nafasi ya kuwa peke yako. Ni jambo jema sana. Lakini kuna siku turubai linakunjwa.

Waliokuja kunifariji walisema yote yanayosemwa. Ni mpango wa Mungu. Usilie, utakufuru. Mungu anampenda zaidi. Nilikuwa naitikia "amina" huku ndani nimefunga mlango. Miaka mingi nilisikia ule mstari wa Paulo kwa Wathesalonike ukisomwa msibani kama karipio, kwamba Mkristo asihuzunike. Nikausoma mwenyewe usiku mmoja kwa tochi ya simu. Paulo hasemi tusihuzunike. Anasema tusihuzunike kama wengine wasio na matumaini. Kuna huzuni anayoiruhusu. Natamani mtu angenisomea mstari wote siku ile ya kwanza.

Badala yake rafiki yangu mmoja, kwa nia njema kabisa, akanipeleka mjini Mbeya kwa jamaa aliyekuwa akiombea watu kwenye turubai. Nilikaa kwenye foleni tangu asubuhi. Zamu yangu ilipofika, hakuniuliza jina. Alifumba macho akasema, "Kifo hiki kimetoka ndani. Kuna mwanamke mtu mzima. Anapika, anakuletea chakula." Kisha akataja sadaka ya kukata mnyororo: shilingi 200,000.

Mwanamke mtu mzima aliyekuwa ananiletea chakula alikuwa mmoja tu duniani.

Mama mkwe wangu tangu msiba alikuwa anapika mbalaga karibu kila jioni, ndizi zilizopondeka vizuri na maharage au kipande cha nyama, anafunika kwa jani la mgomba, anamtuma mjukuu alete. Kuanzia siku ile nikawa naupokea mlo kwa mikono miwili, nasema asante, nikifunga mlango naenda kuumwaga nyuma kwa nguruwe. Watoto nikawakataza kula kwa bibi yao. Mkubwa aliniuliza kwa nini. Nikamwambia bibi anaumwa tumbo, watamsumbua. Mtoto wa miaka kumi na mbili haamini uongo wa namna hiyo, lakini alikuwa amefiwa na baba, hakuwa na nguvu ya kunibishia.

Pasaka ile ya 2022 ilikuwa Aprili 17. Juma la Mateso lote sikwenda kwenye ibada za jioni. Jumamosi nilisikia majembe yakigongana njiani, watu wakipanda kwenda makaburini kupalilia, na mama mkwe akiita mlangoni kwangu, "Mama! Twende." Niliziba mdomo wa kitinda mimba wangu asiitikie. Aliita mara tatu. Akaenda.

Alfajiri tarumbeta zikapita chini ya dirisha. Nilijifunika blanketi kichwani. Nilijua kinachofanyika kule juu. Nilijua saa ngapi majina yanasomwa. Nilijua kwamba jina la mume wangu litasomwa leo na halitasomwa tena, na mimi nimelala.

Nimeshasikia mahubiri mengi kuhusu Petro aliyemkana Bwana mara tatu. Siku hizi nikisikia sura hiyo ikisomwa, ninayemwona pale penye moto wa makaa ni mimi, na blanketi langu kichwani.

Mambo ya fedha nitayasema haraka, maana kila anayelima huku anayajua. Mwaka ule mbolea ilikuwa imepanda bei kiasi cha kutisha. Ruzuku ilikuja kuzinduliwa baadaye, Agosti 8, 2022, kwenye Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale, Mbeya. Mimi nilikuwa nimeshakopa 600,000 kwenye mikopo ile inayoitwa kausha damu, marejesho kila wiki. Nilinunua mbegu na mbolea. Zile 200,000 nilizokuwa nimetenga kwa ajili ya dawa ya ukungu ndizo nilizopeleka kwenye turubai la maombi. Anayelima viazi kwenye mvua na baridi ya Rungwe ameshajua kilichofuata. Ukungu hauna subira. Asubuhi unaona madoa ya rangi ya kahawia pembeni mwa majani, jirani anapuliza, wewe huna cha kupuliza, na baada ya siku chache shamba zima limelala chini kama limemwagiwa maji ya moto. Harufu yake unaisikia ukiwa barabarani. Nilivuna magunia manne mahali ambapo tungepata thelathini. Wenye mkopo wakaja wakachukua televisheni, wakachukua godoro, wakachukua pikipiki ya marehemu iliyokuwa inasubiri mdogo wake. Kitu kilichoniuma zaidi ni godoro, kwa sababu upande wake ulikuwa umebonyea pale alipokuwa analala.

Nilikaa mwaka mzima hivyo. Nilikuwa Mkristo kwa maana ya kwamba jina langu lilikuwa kwenye kitabu cha kanisa.

Mwaka 2023 Jumamosi ya Pasaka ilikuwa Aprili 8. Mvua ilikuwa imenyesha tangu Ijumaa Kuu, mvua ile ya Rungwe isiyo na haraka. Nilikuwa jikoni naosha viazi. Nikaona kivuli mlangoni. Mama mkwe hakuita. Alisimama na mabuti yake, kichwani amejifunika mfuko wa nailoni, mkononi ana majembe mawili madogo na gunia tupu amelikunja kwapani. Alinisogezea jembe moja, mpini mbele, kama unavyompa mtu kisu.

"Kaburi la mwanangu limetitia," akasema. "Mimi peke yangu siwezi kubeba udongo."

Sikuwa na imani siku ile. Sikuwa na msamaha, wala sikujua nani wa kumsamehe. Nilichukua jembe kwa sababu mwanamke wa miaka sabini na kitu alikuwa amesimama kwenye mvua, na kumwacha asimame pale lilikuwa jambo nisilolelewa nalo.

Tulipanda kimya. Makaburini watu walikuwa wengi, wameinama kila mmoja na wake, unasikia tu majembe na kukohoa na mtu mmoja mmoja akiimba polepole. Kaburi la mume wangu lilikuwa bado la udongo. Mvua za mwaka mzima zilikuwa zimelishusha katikati, maji yamesimama kama kwenye sahani. Msalaba wa mbao umeegemea upande. Rangi ya herufi za jina lake ilikuwa imeanza kuchubuka. Na sangari imeingia kila mahali.

Mama alitandaza gunia, akapiga magoti. Nikapiga magoti upande wa pili. Sangari haikatwi, ukiikata umeipogoa tu, wiki ijayo imerudi na wenzake. Unaingiza jembe kwa ubapa, unainua udongo, unaushika ule mzizi mweupe unaofanana na uzi wa kushonea gunia, unaufuata. Unakwenda nao mpaka unapoishia. Mama alikuwa anaufuata kwa vidole, taratibu, akiukatikia njiani anarudi kuutafuta. Nilimtazama mikono yake. Kucha zimejaa udongo mweusi wa kaburi la mtoto wake. Sijui ni wakati gani hasa, lakini nikajua kwa hakika, kama unavyojua kwamba umeamka, kwamba mikono hii haikumuua yeyote.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, nikiwa nimeangalia chini, bila kuacha kung'oa. Turubai, jamaa yule, zile 200,000, mbalaga niliyomwaga.

Alifuata mzizi wake mpaka mwisho, akaurusha pembeni.

"Nilijua," akasema. "Watoto husema."

"Sasa mbona uliendelea kuleta?"

"Ningeacha, ungesema kweli ni mimi."

Tukaendelea. Baada ya muda akasema tena, bila kuniangalia: "Mwaka jana lilisomwa jina lake. Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena, watu wakanishangaa. Mara ya kwanza ilikuwa yangu. Ya pili ilikuwa yako."

Hapo ndipo nilipolia. Tangu Machi ya mwaka uliotangulia nilikuwa nimelia mara nyingi, lakini kilio kile hakikuwa na mahali pa kwenda. Hiki kilikuwa napo. Mama hakunibembeleza. Alinyoosha mkono juu ya kaburi akaurekebisha mfuko wa nailoni kichwani kwangu, mvua isinilowanishe, akarudi kwenye kazi.

Nimefikiri sana kuhusu siku ile ya Jumamosi. Kuhusu Ijumaa Injili zinasema mengi, na kuhusu Jumapili zinasema mengi. Kuhusu Jumamosi Luka ana mstari mfupi tu: wanawake walitayarisha manukato na marhamu, na siku ya sabato wakapumzika kama ilivyoamriwa. Basi. Siku nzima ya wanawake waliofiwa, na manukato yamewekwa pembeni ndani ya nyumba. Waliyatayarisha kwa ajili ya maiti. Hakuna aliyeweka pale kwa sababu alikuwa anatarajia kumwona mzima. Na kesho yake, Marko anasema, walikuwa wanaulizana njiani ni nani atakayewavingirishia lile jiwe. Maana yake walitoka nyumbani bila kuwa na jibu. Walimu wengi wanatuambia tuwe na tumaini ndipo tuamke. Wanawake wale waliamka kwanza. Walikuwa na kazi ya kufanya kwa ajili ya mtu waliyempenda, wakaenda kuifanya, na huko huko, wakiwa na manukato mkononi, wakakutwa na jambo ambalo hawakulitarajia.

Na Mariamu Magdalene alipomwona alidhani ni mtunza bustani. Nilikuwa naona hilo kama kosa la mtu mwenye machozi machoni. Sasa silioni kosa kubwa sana. Mtu anayeshinda shambani tangu alfajiri, anayejua mzizi upi ung'olewe na upi uachwe, mbona ni dhana nzuri tu. Hakumtambua kwa uso. Alimtambua alipomsikia akiita jina lake.

Alfajiri ya Aprili 9 tarumbeta zilinikuta nimeshavaa. Tulipanda wote, mimi, watoto watatu, na mama katikati yetu. Kulikuwa na ukungu mzito wa kule kwetu, tochi zinaonyesha hatua mbili tu mbele. Mchungaji akaita, "Bwana amefufuka!" na watu wakajibu kutoka kwenye giza, kila upande, kutoka makaburini, "Amefufuka kweli kweli!" Ukiwa huwaoni wanaojibu, ni sauti tu zinazotoka chini na juu yako, nywele zinasisimka. Watoto wangu walijibu. Mimi mdomo ulifunguka lakini sauti haikutoka. Sikulazimisha. Nilikuwa nimesimama pale, na kwa siku ile nilitosheka na hilo.

Majina yakasomwa. La mume wangu halikuwemo, na nilijua halitakuwemo. Wakati wa kimya mama akaniminya mkono, akalisema mwenyewe chini ya pumzi, majina yote matatu, na la ukoo. Nikalirudia.

Ningependa kuandika kwamba jua lilichomoza upande wa Kitulo likatuangazia. Halikuchomoza. Ukungu ulibadilika tu, mweusi ukawa wa kijivu, wa kijivu ukawa mweupe, na kidogo kidogo nikaanza kuona nani alikuwa amesimama karibu yangu gizani. Jirani tuliyegombana mpaka wa shamba. Binti aliyezika mtoto mchanga Januari. Mzee asiyeona, ameshikwa mkono na mjukuu. Na makaburi yote yamepaliliwa, udongo mweusi umesawazishwa, juu yake maua meupe yale yanayoota kando ya mifereji.

Tulirudi kwa mama kula mbalaga. Nilikula sahani mbili.

Deni lilibaki vilevile. Nililimaliza mwaka uliofuata, mwezi wa saba, kwa viazi nilivyolima na mama akiwa mwenye kunikumbusha siku ya kupuliza dawa, tena kwa ukali. Kikundi cha kina mama cha ushirika kilinikopesha 150,000 bila riba ili nianze. Godoro sikulipata. Bado kuna usiku naamka nikadhani nimesikia Fuso ikipanda kilima. Mtu aliyefiwa akiniuliza itaisha lini, simwambii itaisha. Namuuliza ana jembe.

Mama mkwe wangu alifariki Novemba 2024, amelala, asubuhi chai yake ikiwa imeshaiva. Tulimzika kando ya mumewe, kama alivyotaka.

Kaburi la baba mkwe siku zote alilipalilia yeye. Mwaka ule wa kwanza wa kwenda pamoja nilitaka kumsaidia akanizuia: "Huyu niachie mimi." Nilielewa. Heshima haiishi kwa sababu mtu amelala. Kwa hiyo kila Jumamosi ya Pasaka nilikuwa naishia kaburi la mume wangu, nasimama pale namngoja amalizane na mzee wake.

Aprili 19, 2025 nilipanda na watoto na majembe manne. Tulimaliza la baba yao. Tukahamia kwa bibi yao, ambalo lilikuwa bado bichi, halina nyasi nyingi, ni kulisawazisha tu na kuweka maua. Kesho yake jina lake lingesomwa, na nilikuwa nimewaambia watoto kwamba tutasimama mara mbili. Tukamaliza na hilo. Likabaki moja. Sangari ilikuwa imelifunika lote mpaka kwenye saruji ya kichwani, mwaka mzima halijaguswa, na inaanza kuvuka kuelekea kwa mama. Wifi zangu wako mbali, shemeji yangu yuko Tunduma na gari la watu. Watoto walinitazama.

Ninaamini kwamba mzee yule atafufuka. Naamini hivyo kabisa, kwa mwili, siku ile sauti itakapoita. Na kama atafufuka, basi ni yeye yule, baba mkwe wangu, na mimi ni mke wa mwanaye.

Nikasimama mbali kidogo, pale ambapo angekuwa anaanza kuuona ua. Nikashusha kitenge. Nikakohoa. Nikangoja, kwa muda ambao fimbo yake ingechukua kupita.

Kisha nikakunjua gunia la mama, nikapiga magoti upande wa miguuni, nikaingiza jembe kwa ubapa, nikautafuta mzizi.